Kufufua spika za kusimama za zamani: mwongozo kamili kwa nyumba za Unguja na Pemba

Kila mara malalamiko huwa yale yale. Mtu amepata jozi ya spika kubwa za mbao za miaka ya 1970 au 1980, zile za kusimama sakafuni zinazofika kiunoni. Anaziwasha, na besi inakoroma. Anakwenda dukani, anauziwa woofa (spika ya besi) mpya iliyoandikwa "wati 500" kwa wino wa kung'aa, anaifunga kwenye tundu la ile ya zamani, na besi inazidi kufa. Hapo anahitimisha kwamba spika za zamani hazina maana.

Spika hizo hazina kosa. Aliyezibuni alipima vitu vitatu kwa pamoja: ujazo wa hewa ndani ya boksi, tabia ya woofa, na krosova inayogawa sauti. Ukibadilisha kimoja bila kuvijali viwili vilivyobaki, hesabu yote imevunjika. Kwa hiyo kazi yako hapa ni kurudisha kilichokuwepo. Usijaribu kuboresha.

Mara nyingi kilichokufa ni kitu kidogo tu: ile pete laini ya sponji inayoiunganisha koni (ile sehemu ya karatasi au plastiki inayotikisika) na fremu. Sponji ya aina hiyo huoza yenyewe hata spika ikiwa haipigwi. Joto na unyevu huharakisha, na sisi tunavyo vyote viwili mwaka mzima.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujashika bisibisi

- Pete mpya za sponji, jozi moja, zenye vipimo vya woofa yako
- Gundi nyeupe inayokauka bila rangi na kubaki laini
- Spiriti, vijiti vya pamba na vitambaa safi
- Multimita
- Betri moja ya tochi ya volti 1.5
- Bisibisi, kisu chembamba, brashi ndogo, kalamu na rula
- Vibanio vya nguo, vingi
- Chuma cha kuchomelea na waya wa risasi
- Kapasita zisizo na upande (zisizo na alama ya jumlisha wala ya kutoa), za kiasi kilichoandikwa kwenye zile za zamani
- Amplifaya, na simu yenye programu ya kutoa toni
- Pamba ya mito ya polista, kiasi

Supaglu iache dukani. Hukauka kabla hujarekebisha kitu, halafu inakuwa ngumu kama kioo pale panapotakiwa kunyumbuka. Gundi ya viatu pia inashika haraka mno kwa anayeanza.

Kuhusu pete, wengi hukosea kwa kuagiza "inchi 10" peke yake. Inchi 10 ni kipimo cha fremu kwa ujumla, na woofa mbili za inchi 10 zinaweza kuwa na koni tofauti kabisa. Pima vitu vinne: kipenyo cha koni ukingoni, kipenyo cha fremu pale sponji inapobandikwa, upana wa ile sehemu iliyovimba ya pete, na kama mdomo wa ndani wa pete umelala bapa au umeinama kufuata mteremko wa koni. Angalia pia kama sponji ya zamani ilibandikwa juu ya koni au chini yake. Andika yote kwenye karatasi, piga picha, ndipo uagize.

## Hatua ya 1: Jua boksi lako ni la aina gani

Tazama mbele na nyuma. Kama hakuna tundu lolote, una boksi lililofungwa. Edgar Villchur alipotoa spika ya AR-1 huko Marekani mwaka 1954, alitumia hewa iliyofungiwa ndani kuwa ndiyo springi ya woofa, na wabunifu wengi walifuata njia hiyo. Woofa ya boksi la namna hii imelegezwa makusudi. Upenyo mdogo tu kwenye kiungo cha mbao unatosha kuiharibia besi.

Kama kuna tundu lenye bomba ndani, boksi limepangwa lipumue. Urefu na upana wa bomba lile, pamoja na ujazo wa boksi, ndivyo vinavyoamua ni noti gani ya chini itakayopewa nguvu. Usilifupishe bomba. Usilizibe kwa sababu mjusi ameingia. Nyoosha kitambaa chepesi kama chandarua juu ya tundu upande wa ndani, kinatosha.

Na usitoboe boksi lililofungwa ukidhani unaliongezea besi.

## Hatua ya 2: Pima kabla ya kufungua

Weka multimita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), gusa vituo viwili vya nyuma ya spika, pale waya za amplifaya zinapofungwa. Spika ya omu 8 kwa kawaida husoma kati ya 5.5 na 7. Ya omu 4 husoma kama 3 hadi 3.5. Namba hii ni ndogo kuliko ile ya kwenye kibandiko kwa sababu multimita inapima waya tu, haipimi spika ikiwa inacheza.

Angalizo: ukipima kwa nje unasoma woofa. Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, huwa nyuma ya kapasita ya krosova, na kapasita haipitishi umeme wa betri ya multimita. Hivyo kipimo kizuri cha nje hakikwambii chochote kuhusu twita. Itabidi uipime yenyewe, waya wake mmoja ukiwa umechomolewa.

Ikisoma kwamba hakuna njia kabisa, koili (mzunguko wa waya ulioshikamana na koni) imeungua au waya wake mwembamba umekatika kwa kutu. Hilo halitibiki kwa sponji. Tafuta woofa au twita ya namba ile ile iliyoandikwa nyuma ya sumaku.

## Hatua ya 3: Kufungua

Laza boksi chali juu ya godoro au mkeka uliokunjwa. Skrubu zetu huota kutu kwa hewa ya bahari, hasa nyumba za karibu na ufukwe, kwa hiyo usizilazimishe. Weka tone la mafuta, ngoja, kaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze.

Shika bisibisi kwa mikono miwili. Sumaku ya woofa ina nguvu, na itaivuta bisibisi moja kwa moja kupitia koni. Tundu moja la hivyo na kazi imekuwa nyingine.

Kabla hujachomoa waya, piga picha na uweke alama upande wenye rangi nyekundu, nundu au jumlisha.

## Hatua ya 4: Kuondoa sponji iliyooza

Kazi hii inaudhi, lakini isikimbiwe. Sponji ikishaoza inageuka ute mweusi unaonata. Sugua kwa kidole kwanza, sehemu kubwa itabanduka. Mabaki yaloweshe kwa spiriti kidogo kwenye kijiti cha pamba, usubiri, kisha uyakwangue taratibu.

Spiriti isimwagike katikati ya koni. Huko chini kuna gundi iliyoshika koili, na ikilainika koili inaachia. Koni ya karatasi nayo ikilowa hupinda. Petroli na asetoni usizitumie kabisa kwenye koni ya plastiki.

Umefanikiwa ukipitisha kidole ukingoni mwa koni na kwenye fremu bila kuhisi donge wala unato. Donge dogo likibaki, pete mpya itakaa upande, na utakuja kulisikia hatua inayofuata.

## Hatua ya 5: Kubandika sponji mpya

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo twende pole pole.

Koili ya woofa inapanda na kushuka ndani ya mwanya mwembamba kuizunguka sumaku. Pengo kila upande halifiki hata milimita moja. Nyuma ya koni kuna kitambaa chenye mawimbi kinachoishika koili isiyumbe, lakini hakiwezi peke yake. Pete ya sponji ndiyo mshikaji wa pili. Ikibandikwa imevutwa upande mmoja, koili inagusa chuma, na utasikia mkwaruzo kila besi inapoingia.

Kwanza gundisha pete kwenye koni tu. Paka gundi nyembamba kwa brashi pande zote mbili, ngoja ianze kunata, kisha weka pete na uizungushe mpaka ukingo wake uwe na umbali ule ule kutoka katikati kila mahali. Bonyeza kwa vidole ukizunguka duara. Iache usiku mzima. Siku za masika, mvua ikiwa haikatiki, iache siku mbili. Gundi hii hukauka kwa kutoa maji, na hewa ikiwa imejaa unyevu maji hayana pa kwenda. Wanaoharakisha hapa hurudia kazi yote.

Ikishakauka, bonyeza koni chini kwa vidole vya mikono miwili vilivyotawanywa sawa, usikilize. Isiwe na sauti yoyote. Ukisikia kwaru-kwaru, sogeza pete ambayo bado haijashikana na fremu huku na huku mpaka sehemu ya kimya ipatikane. Weka alama ya kalamu hapo, kwenye pete na kwenye fremu.

Sasa fremu. Paka gundi, shusha pete kwenye alama zako, halafu unganisha woofa hii peke yake na amplifaya. Fungua programu ya toni kwenye simu, weka hezi (mitetemo kwa sekunde) 25 hadi 30, na uongeze sauti kidogo kidogo mpaka koni itembee milimita chache juu na chini. Hutasikia muziki, utaona tu koni inapumua. Gundi ingali mbichi, koni inajitafutia kati yenyewe, nawe unaisaidia kwa kusogeza pete pale panapokwaruza. Ikitulia kimya kabisa, acha toni iendelee kama dakika kumi, zima, kisha shika ukingo kwa vibanio vya nguo duara zima.

Huna amplifaya karibu? Mafundi wa zamani hukata kofia ya katikati ya koni kwa wembe, huingiza vipande vya karatasi ngumu au filamu kati ya koili na nguzo ya sumaku, hubandika pete, kisha huvitoa na kurudisha kofia. Njia hii ni ya uhakika zaidi, ila inahitaji mkono uliotulia, na kofia iliyokatwa vibaya inabaki kovu. Nashauri toni kwa anayeanza.

Usiguse tena mpaka kesho. Umefanikiwa pale koni inaposhuka na kupanda kimya ukiibonyeza, na inaporudi yenyewe katikati.

## Hatua ya 6: Krosova

Krosova ni kile kibao chenye kapasita na mizunguko ya waya wa shaba, mara nyingi kimefungwa nyuma ya vituo au sakafuni mwa boksi. Mizunguko ya shaba haizeeki, iache. Kapasita za zamani zenye majimaji ndani (elektrolitiki) ndizo zinazokauka. Ukinzani wake wa ndani hupanda, na twita inabaki ikinong'ona. Ukisikia spika ina besi lakini waimbaji wako mbali kama wamefunikwa shuka, shuku kapasita kabla ya twita.

Badilisha kwa kiasi kile kile cha maikrofaradi. Watu hudhani kapasita kubwa zaidi ni bora zaidi. Chukua mfano wa twita ya omu 8 yenye kapasita moja ya maikrofaradi 5: sauti inaanza kupita karibu na hezi 4000. Weka maikrofaradi 10, na mpaka unashuka karibu na hezi 2000. Sasa twita ndogo inalazimishwa kucheza sauti ambazo hazikukusudiwa kwake, na usiku mmoja wa harusi unatosha kuiunguza.

Pia usichukue kapasita ya kawaida ya redio yenye alama ya kutoa upande mmoja. Muziki ni umeme unaogeuka huku na huku, na kapasita hiyo haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Tafuta isiyo na upande, ya volti 100 kwenda juu. Za filamu ni bora na hazikauki. Kiasi kamili kikikosekana, unganisha mbili sambamba, maana viasi vyake vinajumlika: 3.3 na 1.5 vinakupa 4.8, ambayo inatosha mahali pa 5. Ukikwama kabisa, kapasita mbili za kawaida za 10, hasi ikiunganishwa na hasi, zinafanya kazi kama moja ya 5 isiyo na upande.

Spika nyingi za enzi hizo zina vifundo viwili nyuma au mbele vya kupunguza twita na sauti za kati. Ndani yake huota ukoga kwa chumvi. Vizungushe mwanzo hadi mwisho mara nyingi, visafishe kwa spiriti, na mara nyingi twita iliyodhaniwa imekufa inafufuka hapo hapo.

## Hatua ya 7: Boksi lenyewe

Maboksi mengi ni ya mbao za unga uliogandishwa, zikiwa na ngozi nyembamba ya mbao nzuri juu. Zikilowa huvimba na hazirudi. Anza chini, maana sakafu ya saruji hupandisha unyevu. Sehemu iliyovimba kidogo inaweza kukaushwa kivulini, ikabanwa na gundi ya mbao. Iliyogeuka unga ikatwe na kuwekwa mbao mpya ya unene ule ule.

Gonga kuta zote za boksi kwa kifundo cha kidole. Mlio mkavu ni mzuri. Mlio wa debe tupu au unga unaomwagika ni dalili ya kiungo kilichoachia au mchwa. Mchwa utibiwe na boksi likauke kabisa kabla ya kurudisha spika ndani.

Pitisha gundi ya mbao kwenye viungo vyote kwa ndani. Kwa boksi lililofungwa, weka ukanda laini wa mpira au sponji nyembamba pale fremu ya woofa inapokaa.

Pamba ya ndani nayo ni sehemu ya hesabu, irudishe kiasi kile kile. Kama imeoza, tumia polista ya mito. Sufi sishauri, ingawa ipo na ni rahisi kuipata: nyuzi zake nyepesi huruka na zinaweza kuingia kwenye mwanya wa koili.

## Hatua ya 8: Kurudisha na kuhakiki upande

Kabla ya kukaza skrubu, chukua betri ya tochi. Jumlisha ya betri kwenye jumlisha ya spika, gusa mara moja tu. Woofa itoke nje. Fanya hivyo spika zote mbili. Moja ikitoka na nyingine ikiingia, waya zimepishana mahali fulani, na besi za spika mbili zitakuwa zinafutana. Hii peke yake hufanya watu waamini kwamba sponji mpya haifai.

Woofa za zamani za JBL zina mpangilio wake: jumlisha kwenye kituo chekundu huivuta koni ndani. Kwa hizo, cha maana ni kurudisha waya kama ulivyozikuta na spika zote mbili zifanane.

Kaza skrubu kwa kupishana, upande huu kisha wa pili, ili fremu isipinde. Kwa boksi lililofungwa, bonyeza woofa taratibu na uiachie. Ikirudi pole pole, kama inazuiwa na hewa, boksi halivuji. Ikiruka mara moja, kuna upenyo.

## Hatua ya 9: Kuziweka chumbani na kuzisikiliza

Vyumba vingi vya Mji Mkongwe ni vyembamba, kwa kuwa upana wake ulipangwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Chumba cha upana wa mita 3 kina noti yake ya kujazana, karibu hezi 58. Kama urefu wake ni mita 6, noti ile ile inapata nguvu na upande wa pili. Ongeza kuta nene za mawe na chokaa, zisizonyonya kitu, ndiyo maana spika nzuri inavuma huko wakati nyumba ya bati kule shamba inasikika safi.

Anza kwa kuzitoa kwenye kona. Zisogeze mbele ya ukuta shibiri moja moja, kila mara ukirudia wimbo ule ule, mpaka besi isikike kama noti zinazofuatana badala ya mvumo mmoja. Usikae mgongo ukiwa ukutani, maana besi hujazana hapo. Mapazia mazito, mazulia, mikeka na mito ya kuegemea vinasaidia sauti za juu, lakini vuma la besi havilitibu. Hilo linatibiwa na mahali pa spika na mahali pako.

Twita iwe inatazama masikio. Ukikaa kwenye kochi masikio yako yapo karibu mita moja kutoka sakafuni, ukikaa kwenye mkeka yanashuka sana. Amua familia yako hukaa vipi, kisha inua spika au uiegemeze nyuma kidogo. Vyovyote vile, weka vigingi vya mbao chini yake ili isigusane na saruji.

Kwa kupima sina kipimo kizuri kuliko taarabu asilia. Chukua rekodi safi ya vikundi vya Ikhwani Safaa au Culture Musical Club. Sikiliza kwanza kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi: kila uzi unaopigwa usikike na ncha yake, na hiyo ni kazi ya twita na kapasita ulizobadilisha. Kisha fidla zikiingia pamoja, zisigeuke kelele ya chuma. Udi uwe na tumbo la mbao ndani yake. Besi kubwa la kusimama ndilo linalokwambia kama hatua ya 5 ilikwenda sawa: noti zake zitembee juu na chini kwa nguvu inayolingana, bila mkwaruzo. Mwimbaji asimame katikati ya spika mbili. Akisikika kama yuko kila mahali na hayuko popote, rudi hatua ya 8.

Siku za mwanzo piga kwa sauti ya wastani. Sponji mpya ni ngumu kidogo na italegea kwa matumizi, na besi itaongezeka. Usiongeze sauti mpaka amplifaya ianze kupasua, maana sauti iliyopasuka ndiyo inayoua twita, hata kama amplifaya ni ndogo.

## Baada ya hapo

Kila masika inapoisha, fungua kitambaa cha mbele, bonyeza ukingo wa pete kwa kidole uone kama bado unarudi, na utazame vituo vya nyuma kama vimeota ukoga wa kijani. Visugue kwa kitambaa chenye spiriti, kata ncha ya waya iliyokuwa nyeusi, umenye upya na ukaze. Spika zisizotumika zipigwe angalau mara moja kwa wiki, na zisifunikwe kwa nailoni, kwa sababu nailoni hufungia unyevu ndani. Shuka la pamba linatosha kuzuia vumbi.